Picha ya Mmea ni Picha ya Nini? Historia ya Vitabu vya Mimea Vyenye Michoro

Hemloki, mmea ambao Sokrate alinyweshwa sumu yake hadi akafa, una majani yaliyochanikachanika kama ya karoti na ya giligilani. Si ajabu, maana mimea hiyo mitatu ni ya ukoo mmoja. Mtu aliyeonyeshwa mimea hiyo na mkubwa wake, akaigusa na kuinusa, haichanganyi kirahisi. Anayeijua kwa kuisoma tu yumo hatarini, kwani maneno kama “majani membamba, maua madogo meupe, shina lenye uwazi ndani” yanaweza kuieleza mboga na yanaweza kuieleza sumu.

Vitabu vya mimea vyenye picha vilizaliwa na hofu hiyo. Leo tunaikuta michoro ya zamani ya mimea imetundikwa ukutani kama pambo, tukasahau kwamba kwa karne nyingi ilikuwa chombo cha kazi kama ilivyo mizani ya mwuza dawa, na ilitakiwa isidanganye. Swali lililowasumbua waliovitengeneza ni moja, nalo halijaisha hata sasa: ukichora mmea, umechora nini hasa? Ni ule mmea mmoja uliouchuma asubuhi, ukiwa na jani lililoliwa na mdudu, au ni aina nzima ya mmea huo popote unapoota?

Mwandishi Mroma Plinius, aliyekufa mwaka wa 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, alilitambua tatizo hili mapema. Anasimulia kwamba waganga watatu wa Kigiriki, Crateuas, Dionysius na Metrodorus, walichora mimea kwa rangi na chini ya kila picha wakaandika manufaa yake. Plinius anaisifu njia hiyo kwa kuvutia, kisha anaeleza kwa nini inakwama. Kwanza, wanaonakili picha huziharibu. Pili, kuuchora mmea katika hali moja hakutoshi, kwa sababu hubadilika kadiri majira manne ya mwaka yanavyopita. Kwa maoni yangu, mengi yaliyofuata katika historia hii ni majaribio ya kuyajibu malalamiko hayo mawili, la mkono unaokosea na la mmea usiotulia.

Katika karne hiyohiyo, tabibu Mgiriki aliyeitwa Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliandika kitabu cha dawa kilichoeleza takriban mimea 600. Kilitegemewa kwa zaidi ya miaka 1,500. Nakala yake maarufu kuliko zote ilitengenezwa Konstantinopoli (leo Istanbul) kama mwaka wa 512, ikatunukiwa Anicia Juliana, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyekuwa amejenga kanisa mjini humo. Ndani yake mna picha za mimea zinazokaribia 400, zilizopakwa rangi juu ya ngozi. Baadhi zina uhai wa kushangaza: jani limejipinda likaonyesha upande wake wa chini, mizizi imetawanyika kama iliyotoka kung’olewa.

Kitabu hicho hakikuwekwa kabatini. Karne baada ya karne wasomaji waliandika majina ya mimea pembeni mwa picha kwa Kiarabu, Kiebrania na Kituruki. Mnamo mwaka wa 1406 kilijalidiwa upya katika nyumba ya watawa ya Konstantinopoli iliyokuwa na hospitali. Katika karne ya 16 balozi Busbecq alikikuta mikononi mwa mtoto wa Moses Hamon, tabibu Myahudi wa Sultani Suleiman, na baadaye kikanunuliwa kwa ajili ya maktaba ya kifalme mjini Vienna. Kipo huko hadi leo, na mwaka wa 1997 UNESCO ilikiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Miaka elfu moja ya kutumika! Ni vitabu vichache mno vilivyowahi kufanya kazi kwa muda mrefu hivyo.

Bahati mbaya, nakala nyingine nyingi za enzi hizo zilipatwa na yaleyale aliyoyasema Plinius. Mnakili aliyeishi kaskazini mwa Ulaya alichora mimea ya Mediterania ambayo hakuwahi kuitia machoni. Alichokuwa nacho ni picha ya mtu aliyemtangulia, naye huyo alikuwa na ya mwingine. Kila mkono ulisawazisha kidogo: majani ya kushoto yakafanywa yalingane na ya kulia, mzizi ukanyooshwa, ua likageuzwa duara. Baada ya vizazi kadhaa mmea ulikuwa nakshi tupu. Mzizi wa mandragora, mmea wa dawa wenye sumu, ambao kwa kweli hugawanyika mara mbili, ulichorwa hadi ukawa binadamu mwenye kichwa na miguu. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikiheshimu kitabu kuliko shamba, na kukosea kwa uaminifu kulionekana bora kuliko kukisahihisha.

Wasomi wa Kiislamu walishika njia nyingine. Katika karne ya 9 mjini Baghdad, Istifan ibn Basil alimfasiri Dioscorides kwa Kiarabu, na kazi yake ikapitiwa na Hunayn ibn Ishaq. Pale ambapo hakujua mmea unaitwaje kwa Kiarabu, aliliacha jina la Kigiriki kama lilivyo, akitumaini kwamba Mungu atamleta mtu wa kuutambua. Mwaka wa 948 mfalme wa Konstantinopoli alimpelekea Khalifa Abd al-Rahman III wa Cordoba nakala ya Kigiriki yenye picha, na baadaye mtawa aitwaye Nicholas akafuata ili asaidiane na matabibu wa huko kuipatanisha mimea ya kitabuni na mimea ya Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu. Picha ndizo zilizokuwa daraja kati ya lugha mbili ambazo majina yake hayakulingana.

Lakini mtu ninayemstahi kuliko wote katika historia hii ni Rashid al-Din al-Suri, tabibu wa karne ya 13 kutoka Tiro. Mwanahistoria Ibn Abi Usaybia, aliyemjua, anaeleza kwamba alikuwa akipanda milima ya Lebanoni na kwenda kokote mimea ilikoota, akiwa ameandamana na mchoraji aliyebeba rangi za kila namna. Al-Suri aliuangalia mmea na kumwonyesha mchoraji, naye aliyapima majani, matawi na mizizi na kuyapaka rangi kadiri yalivyoonekana. Kisha waliuchora tena. Mara ya kwanza ulipokuwa mchanga unachipua, mara ya pili ulipokomaa na kutoa mbegu, mara ya tatu ulipokauka. Msomaji angeutambua vyovyote atakavyoukuta.

Yule Mroma aliyelalamika kwamba mmea hubadilika na picha haibadiliki alikuwa amejibiwa, zaidi ya miaka 1,100 baada ya kufa kwake. Kitabu chenyewe kilipotea. Kingalikuwepo, nadhani simulizi hii ingeanzia hapo katika vitabu vingi, badala ya kuanzia Ujerumani miaka 300 baadaye.

China nayo isirukwe, kama inavyorukwa mara nyingi. Mnamo 1061 Su Song alikamilisha kitabu cha dawa kilichokusanya michoro iliyoagizwa na serikali kutoka wilaya mbalimbali za nchi. Mwaka wa 1406 mwanamfalme Zhu Su alitoa kitabu cha mimea 414 ambayo watu wangeweza kula wakati wa njaa. Aliipanda bustanini mwake kwanza, akaitazama inavyokua, kisha akaagiza ichorwe. Maelezo yake yanafundisha namna ya kuandaa kila mmea hadi uliwe bila madhara. Hapa picha haikulengwa kwa tabibu wala kwa tajiri. Ililengwa kwa mtu mwenye njaa ambaye huenda hajui kusoma vizuri, na kosa lake moja lingemwangamiza.

Wachina walikuwa wakichapa picha kwa ubao uliochongwa karne nyingi kabla ya Ulaya. Huko Ulaya, kitabu cha mimea chenye picha zilizochapwa kilitokea Rumi mnamo 1481, na michoro yake ilitoka moja kwa moja kwenye hati za zamani pamoja na makosa yake yote. Hapa pana jambo linaloeleweka vibaya mara kwa mara. Huwa tunadhani uchapaji ulileta usahihi. Ulichokileta ni ulinganifu: nakala 500 zote zilikuwa sawasawa. Kama ubao ulikuwa na kosa, basi kosa lilisambaa mara 500. Kuna hata wachapaji waliotumia ubao mmoja kwa mimea miwili tofauti, ili kubana matumizi.

Mabadiliko yenyewe yalikuja mwaka wa 1530, Strasbourg, uliokuwa mji wa Kijerumani wakati huo. Mchapaji Johann Schott alitoa kitabu cha Otto Brunfels, na mchoraji Hans Weiditz akafanya kilichofanywa na wachache mno kabla yake: aliweka mmea halisi mbele yake na kuchora alichokiona. Jani lililonyauka alilichora limenyauka. Shina lililovunjika likabaki limevunjika. Michoro hiyo ina nguvu hata leo.

Maandishi ya kitabu hicho, kwa upande mwingine, yalikuwa bado ya Dioscorides na wenzake wa kale, na hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Mimea ya mabonde ya Ujerumani siyo ile ya pwani ya Mediterania. Picha ilionyesha mmea mmoja, maandishi yakaeleza mwingine. Mimea mingine haikuwa na jina lolote katika vitabu vya kale, naye Brunfels aliiingiza kwa kusitasita, akaiita mimea iliyo uchi, maana haikuwa na jina la kuivika. Bila yeye kukusudia, mchoraji alikuwa amethibitisha kwamba dunia ina mimea ambayo wazee wa kale hawakuijua. Picha ilikuwa imeyatangulia maandishi.

Miaka 12 baadaye, Leonhart Fuchs alitoa kitabu chake mjini Basel kikiwa na michoro zaidi ya 500, na akalijibu swali letu kinyume kabisa na Weiditz. Fuchs hakutaka jani lenye tundu. Alitaka aina ya mmea, iliyosafishwa dosari zote za mmea mmoja mmoja, na hakupenda vivuli vinavyoficha mistari. Kwa hiyo katika picha moja utaona ua lililofumba, ua lililochanua na tunda kwa pamoja, ingawa shambani huja kwa nyakati tofauti. Katika picha moja, mmea mmoja umebeba maua ya rangi mbalimbali, ili kuonyesha kwamba rangi zote hizo zinapatikana katika kundi hilo.

Mmea wa namna hiyo haupo popote duniani, na bado picha hiyo inafaa kutambulisha kuliko picha ya mmea ulio mkononi mwako. Hili ndilo fundo la mada nzima. Weiditz alisema kweli juu ya mmea mmoja, Fuchs juu ya mimea yote ya aina moja, na kila mmoja alilipa gharama ya chaguo lake. Wanabotania wengi waliofuata walimfuata Fuchs.

Fuchs alifanya jambo jingine la haki lililokuwa nadra. Mwishoni mwa kitabu aliweka picha za watu waliokifanyia kazi: Albrecht Meyer aliyechora mimea, Heinrich Füllmaurer aliyehamishia michoro kwenye mbao, na Veit Rudolf Speckle aliyezichonga. Kazi ya Speckle ilikuwa kuondoa mbao yote isipokuwa mstari wa mchoro, ubaki umeinuka kwa kimo sawa na herufi za risasi, ili picha na maneno vichapwe pamoja kwa mkupuo mmoja. Kitabu hichohicho kina mahindi, maboga na pilipili, mazao yaliyotoka Amerika miongo michache tu kabla. Fuchs alidhani mahindi yametoka kwa Waturuki. Mchoro wake ulikuwa sahihi, maelezo ndiyo yaliyopotoka.

Mbao zilizochongwa zilikuwa mali. Ziliazimwa, zikauzwa, zikaibiwa kwa kunakiliwa. Mchapaji Plantin wa Antwerp alikusanya maelfu ya mbao na kuzitumia katika vitabu vya waandishi mbalimbali. John Gerard wa London, alipotoa kitabu chake kikubwa mwaka wa 1597, alitumia mbao zilizotoka Frankfurt ambazo mimea yake hakuwa akiijua vizuri, na picha nyingi zikawekwa mahali pasipo pake. Mchoro mmoja kati ya michache iliyokuwa mipya kitabuni mwake ulikuwa wa kiazi mviringo, wa kwanza kuchapwa.

Mashariki ya mbali hayo yakiendelea, Li Shizhen alitumia takriban miaka 30 kuandaa kitabu cha dawa chenye vitu 1,892 na michoro zaidi ya 1,000, kilichotoka Nanjing mwaka wa 1596, baada ya kifo chake. Na Mexico, mwaka wa 1552, tabibu wa Kinahua, mmoja wa wenyeji wa nchi hiyo, aitwaye Martín de la Cruz alitoa elimu yake ya dawa, Mnahua mwenzake Juan Badiano akaifasiri kwa Kilatini, na mimea ikapakwa rangi kwa mkono. Baadhi ya mizizi humo imechorwa pamoja na alama za jiwe au maji, kueleza mmea unapenda kuota wapi. Hiyo ni habari ambayo wachoraji wa Ulaya wa wakati huo hawakuwa na njia ya kuiweka ndani ya picha. Mswada huo ulikaa Vatikani hadi mwaka wa 1990, uliporudishwa Mexico.

Bamba la shaba lilipochukua nafasi ya ubao, mstari uliweza kuwa mwembamba kama unywele, na vinyweleo vya jani vikaonekana. Lakini wino hukaa ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye shaba, si juu yake, kwa hiyo bamba huhitaji mashine yake lenyewe ya kuchapia. Picha ikatengana na maandishi, bei ikapanda, kitabu kikahama kutoka kwa tabibu kwenda kwa tajiri mwenye bustani. Kitabu cha bustani ya askofu wa Eichstätt, kilichotolewa na Basilius Besler mwaka wa 1613, kina kurasa 367 za michoro mikubwa ajabu, na kimepangwa kwa majira manne. Mimea mingi iliyomo haina dawa yoyote. Imewekwa kwa sababu ni mizuri.

Si wote waliochonga shaba walikuwa watu wa anasa. Elizabeth Blackwell alikuwa na mume aliyefungwa London kwa madeni. Kati ya mwaka wa 1737 na 1739 alichora mimea 500 ya dawa, mingi kutoka bustani ya Chelsea, akaichonga mwenyewe kwenye shaba na kuipaka rangi. Mapato yalimtoa mumewe gerezani. Kabla yake, Maria Sibylla Merian alisafiri na binti yake hadi Suriname mwaka wa 1699, na mwaka wa 1705 akatoa kitabu kilichowaonyesha wadudu juu ya mimea wanayoila. Katika maelezo ya mmea mmoja aliandika kwamba wanawake waliokuwa utumwani walitumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe watumwa. Ni ukurasa mzuri kwa macho na mzito kuusoma, na namheshimu kwa kutoyaficha aliyoambiwa.

Karne ya 18 ilileta sura ya mchoro tunayoijua sasa. Mwanabotania wa Uswidi, Linnaeus, aliigawa mimea katika madaraja 24 kwa kutazama sehemu za kiume na za kike za ua, hasa kwa kuzihesabu. Ua lililochorwa kwa nje lilikuwa halisaidii tena, ilibidi lipasuliwe. Mchoraji Georg Ehret aliuchora mfumo huo mwaka wa 1736, na kuanzia hapo ilizidi kuwa desturi kuweka chini ya mmea mzima safu ya vipande: stameni (sehemu ya kiume) moja iliyokuzwa, ovari (sehemu ya kike yenye mbegu changa) iliyokatwa, mbegu. Rangi nayo ilitafutiwa dawa. Mchoraji Ferdinand Bauer, aliyezunguka nchi za Wagiriki na mwanabotania John Sibthorp miaka ya 1780, alichora kwa penseli tu na kuandika tarakimu kila mahali, kila moja ikiwakilisha rangi fulani, kisha akapaka rangi aliporudi Uingereza. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kina michoro 966 na kilitoka kati ya 1806 na 1840, wote wawili wakiwa wameshafariki kilipokamilika.

Tunalijua jina la Bauer. Majina ya mamia ya wachoraji wa Kihindi waliofanya kazi kama yake kwa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India yamepotea kwa sehemu kubwa. Mwanabotania wa Kampuni hiyo, William Roxburgh, alichapa michoro 300 ya mimea ya Coromandel, pwani ya kusini mashariki mwa India, kati ya 1795 na 1820, iliyochorwa na watu hao. Mwenzake wa baadaye, Robert Wight, alifanya afadhali: tunajua kwamba wachoraji wake waliitwa Rungiah na Govindoo.

Mwaka wa 1843 Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza bila penseli wala shaba. Aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akauanika juani, na umbo lake likabaki jeupe katika buluu. Kinatambuliwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha zilizofanywa kwa njia ya upigaji picha. Wengi wangetarajia mchoraji akose kazi tangu siku hiyo. Haikuwa hivyo, na sababu tumeshaiona: kamera ni mfuasi wa Weiditz. Hushika mmea mmoja kwa dakika moja, pamoja na kivuli na vumbi lake, na haiwezi kukusanya ua la mwezi mmoja na tunda la mwezi mwingine katika umbo moja. Ndiyo maana mradi mkubwa wa kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapwa kwa sehemu kuanzia mwaka wa 1952 hadi 2012 na kueleza aina zaidi ya 12,000, uliendelea kutumia michoro ya wino mweusi.

Kuna sababu nyingine, ya kisheria zaidi. Jina la kisayansi la mmea hufungwa kwenye kielelezo rasmi, na kwa kawaida kielelezo hicho ni mmea uliokaushwa. Baadhi ya majina ya Linnaeus, hata hivyo, yamefungwa kwenye mchoro. Mfano mkubwa ni kitabu cha mimea ya Malabar, pwani ya kusini magharibi mwa India, kilichotolewa Amsterdam katika juzuu 12 kati ya 1678 na 1693 kwa amri ya gavana Mholanzi Hendrik van Rheede. Elimu iliyomo ilitoka kwa wenyeji, hasa tabibu Itty Achudan, ambaye ushahidi wake wa mwaka wa 1675, aliouandika kwa lugha yake ya Kimalayalam, umechapwa katika juzuu ya kwanza. Linnaeus alivitegemea vitabu hivyo kwa mimea ambayo hakuwahi kuiona. Kwa hiyo mabishano yanapozuka leo kuhusu jina fulani ni la mmea gani, mwanabotania hulifungua bamba la Malabar, huhesabu petali, hutazama namna majani yalivyopangwa shinani, na huamua kwa kufuata mchoro huo.